Sura ya Tano: Spika Kongwe na Maji ya Tana

Kati ya Malindi na Lamu, pale barabara inapomtoa msafiri katika vichaka vikavu na kumtia ghafla katika nchi ya mpunga, maembe na malisho ya ng'ombe, upo mji wa Garsen. Na katika mji huo na vijiji vinavyoufuata mto Tana, tangu Wema na Hewani, kupita Ngao, hata Kipini penye mlango wa bahari, zingali nyumba ambazo ndani yake, juu ya meza au juu ya kigoda kilichoundwa kwa makusudi hayo, yamesimama masanduku mawili ya mbao yenye uso wa kitambaa, ambayo kizazi kimoja kiliyanunua kwa jasho, kizazi cha pili kikayasikiliza kwa furaha, na kizazi cha tatu sasa kinauliza yafanyiweje.

Yalifika kwa njia mbalimbali. Mwalimu, muuguzi au karani aliyehamishiwa wilaya ya Tana River alikuja nayo katika mizigo yake toka Mombasa. Mwenye duka aliyapakia juu ya lori pamoja na magunia ya sukari. Na baada ya mwaka 1973, bei ya mafuta ilipopanda na miji ya Ghuba ikataka mikono ya kazi, mabaharia na vijana wa mwambao waliokwenda Dubai na Muscat walirejea nayo kuwa ushahidi wa safari zao. Majina yaliyo kwenye vibamba vyake ni ya mbali: Philips ya Uholanzi, Wharfedale ya Uingereza, kampuni aliyoianzisha Gilbert Briggs mwaka 1932, Pioneer na Sansui za Japani, na kwa nadra JBL ya Marekani. Walakini sauti zilizotoka ndani yake zilikuwa za karibu: santuri na kanda za Juma Bhalo, Zuhura Swaleh na Maulidi Juma, udi wa Zein l'Abdin mzaliwa wa Lamu, rumba ya Kongo, kwaya za makanisa ya mtoni, kaswida, na taarifa ya habari ya Sauti ya Kenya, ambayo jirani aliisikiliza akiwa barazani kwake bila kualikwa wala kufukuzwa.

Mwenye kurithi spika za namna hii ana hiari tatu: kuzihifadhi kama zilivyo, kuziboresha kwa kuzitia viungo vipya, au kuziuzulu na kununua nyingine. Wengi huliamua jambo hili kwa moyo, kwa kuwa ni vyombo vya marehemu baba. Wengine huliamua kwa haya ya kuonekana watu wa zamani. Na wachache huliamua kwa maarifa. Rai yangu, ambayo sura hii imeandikwa kuitetea, ni kwamba spika haizeeki yote kwa pamoja, bali huzeeka kwa viungo, na viungo vizeekavyo ni vichache, vya thamani ndogo, tena vyajulikana. Kwa hiyo kilichooza na kitengenezwe kirudi kilivyokuwa, kisichooza kisiguswe, na huko kuitwako kuboresha, ambako vijana wetu wanakupenda kuliko hiari nyingine zote, kuogopwe kuliko uzee wenyewe.

Kwanza sharti tujue chombo. Kanuni yake haijageuka tangu mwaka 1925, Chester Rice na Edward Kellogg, wahandisi wa General Electric ya Marekani, walipoieleza: koili ya waya mwembamba huning'inia katika ufa wa sumaku, mkondo wa umeme hupita ndani ya waya, koili husukumwa mbele na nyuma, na koni ya karatasi iliyogundishwa juu yake husukuma hewa. Ndani ya sanduku mna koni kubwa ya sauti nzito, ambayo mafundi huiita wufa, na ndogo ya sauti nyembamba, tuita. Na kati yao mna kibao cha krosova, chenye koili na kapasita, kazi yake ni kumgawia kila mmoja riziki yake. Pembezoni mwa koni kubwa kuna ukingo laini unaoishika kwenye fremu pasipo kuizuia kwenda na kurudi. Hapo ndipo mauti huanzia.

Katika miaka ya 1970 watengenezaji wengi waliupenda ukingo wa sponji ya poliurethani, kwa kuwa ni mwepesi, ni rahisi, na unairuhusu koni kwenda mbali. Lakini sponji hiyo huvunjwa na unyevu wa hewa, kidogo kidogo, hata ikawa kama ugali wa jana unaomeguka kwa kidole. Katika nchi za baridi haikutumainiwa kupita miaka 20 hivi. Pwani yetu, ambako masika huleta ukungu hata ndani ya kabati la nguo, hufa mapema zaidi, na mwenye spika huamka siku moja akasikia besi yake inakoroma, akadhani spika imekwisha. Haikuisha. Koni ni nzima, koili ni nzima, sumaku ni nzima. Kilichokufa ni pete ya sponji ambayo fundi hodari aweza kuibandua na kubandika nyingine katika siku moja, na kuiacha ikauke hadi siku ya pili. Ukingo wa mpira hudumu zaidi, na ule wa kitambaa kilichopakwa dawa, uliotumiwa na watengenezaji wa kale zaidi, hudumu kuliko yote, kwa hiyo si ajabu kumkuta Wharfedale wa mwaka 1965 yu hai na mdogo wake wa mwaka 1978 amenyamaza.

Hapo ndipo ninapotaka kusimama kwa wasaa, maana katika kutengeneza ukingo mafundi wetu wamegawanyika makundi mawili, na kundi moja ni hatari. Kundi hilo, kwa ukosefu wa pete au kwa haraka ya fedha, hukata mpira wa tyubu ya baisikeli na kuugundisha pembezoni mwa koni kwa gundi ya viatu. Spika huimba siku hiyo, mteja hulipa na kushukuru. Lakini mpira ule ni mzito na mgumu, koni haiendi tena ilivyokuwa ikienda, besi hupungua, na pengine koili, kwa kuvutwa upande mmoja, huanza kukwaruza sumaku hata waya ukachunika. Kundi la pili hupima kipenyo, huagiza pete ya sponji au ya mpira mwembamba iliyofinyangwa kwa kipimo hicho toka Mombasa au toka maduka ya Luthuli Avenue huko Nairobi, huondoa kifuniko cha katikati cha koni, hupenyeza vipande vya filamu ya picha kati ya koili na nguzo ya sumaku ili koili isimame katikati kabisa, ndipo hugundisha. Na gundi ikishakauka, vile vipande huvutwa na kifuniko hurudishwa. Tofauti ya malipo kati ya makundi haya ni ndogo kuliko nauli ya kwenda Mombasa na kurudi, safari ya zaidi ya kilomita 200 kila upande.

Kiungo cha pili kizeekacho hakionekani. Kapasita za krosova, zile zenye maji ya kemikali ndani, hukauka, na joto huzikausha upesi. Mafundi wana kipimo chao cha kukadiria, kwamba kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka hupunguza umri wa kapasita kwa nusu. Sasa fikiri sanduku lililokaa miaka 40 chini ya bati la Garsen. Kapasita iliyokauka humpa tuita chakula kisicho kipimo chake, sauti za juu zikafifia au zikawa kali, na mwenyeji akalaumu spika nzima. Dawa ni kuzitoa zote na kutia mpya zenye thamani ileile ya maikrofaradi iliyoandikwa, na zikipatikana za filamu ni aula, kwa sababu hazina maji ya kukauka. Nasema thamani ileile: fundi anayetia kubwa zaidi kwa hoja kwamba kubwa ni bora amemfungulia tuita mlango wa sauti nzito, na tuita ataungua.

Zaidi ya hayo, kisichozeeka ni kingi. Sumaku ya feriti yaweza kukaa miaka mia na nguvu zake zisipungue kwa kiasi cha sikio kutambua. Za kale zaidi ni za alniko, yaani aluminiamu, nikeli na kobalti, na hizi zina historia inayotugusa sisi wasemaji wa Kiswahili kuliko tunavyodhani. Kwani kobalti ya dunia kwa sehemu kubwa ilichimbwa Katanga, iliyoitwa Shaba katika siku za Zaire, nchi ambayo wachimbaji wake huzungumza Kiswahili chao, na vita vya Shaba vya mwaka 1977 na 1978, vilivyofika hata Kolwezi penye migodi, viliipandisha bei ya madini hayo hata watengenezaji wa spika wa Marekani wakaiacha alniko na kushika feriti. Mwenye spika ya alniko asiigonge wala asiikaribishe sumaku nyingine kubwa, maana hiyo yaweza kudhoofika. Ila asiitupe kwa sababu ya umri. Yamkini ndani yake mna jiwe lililotolewa ardhini na mtu ambaye angalielewa kila neno la Zuhura Swaleh.

Basi yote niliyosema mpaka hapa yangalifaa kusemwa Nairobi au Arusha. Lakini mtu wa Tana ana mashauri mengine, na la kwanza ni maji. Mto huu, ulio mrefu kupita yote ya Kenya, hupanda na kushuka kwa desturi yake. Mashamba ya Wapokomo na malisho ya Waorma huishi kwa kupanda kwake. Delta yake iliandikwa mwaka 2012 miongoni mwa ardhioevu za mkataba wa Ramsar. Na kila baada ya muda hupanda kupita desturi, kama ilivyokuwa mwaka 1961, mwaka 1997 na 1998 wakati wa El Niño, mwisho wa mwaka 2023, na tena masika ya mwaka 2024. Watu hukimbilia mahali pa juu na watoto, mbuzi na magodoro. Spika hubaki.

Spika iliyosimama ndani ya maji ya mafuriko huulizwa swali moja tu: sanduku ni la mbao gani? Masanduku mengi ya miaka ya 1970 yalitengenezwa kwa chipubodi, vumbi la mbao lililoshindiliwa kwa gundi na kuvikwa ngozi nyembamba ya mti mzuri, na chipubodi ikinywa maji huvimba, hupasuka pembeni na hairudi. Hata ikikauka, huvuja hewa na kutetema. Plaiwudi huvumilia, na mbao za mti mzima huvumilia zaidi. Kwa hiyo sanduku la chipubodi lililokunywa maji likatwe shauri bila huzuni: wufa na tuita zitolewe, zisafishwe tope na zikaushwe kivulini, kamwe si juani, maana jua huikunja koni ya karatasi; na kama koili haikuota kutu wala koni haikulegea, seremala aunde sanduku jipya. Maseremala wa Lamu na Witu hawahitaji kufundishwa na mtu kuunga pembe za mbao. Wanalohitaji kuambiwa ni kwamba ukubwa wa ndani wa sanduku ni sehemu ya sauti, kwa sababu hewa iliyofungwa humo ni springi ya koni. Kwa hiyo wapime la zamani kwa ndani, urefu, upana na kina, walifuate kwa sentimita, na tundu la hewa, likiwapo, lifuatwe kipenyo na urefu. Nje wanaweza kunakshi watakavyo.

Wadudu nao wana hesabu yao. Nyigu hulipenda lile tundu la hewa, hujenga humo nyumba ya udongo, na besi hufifia kwa sababu ambayo hakuna kitabu cha Japani kitakachoitaja. Mchwa hupanda kutoka sakafuni. Panya hutafuna koni kwa ajili ya gundi. Kila mwenye spika delta hii na alichungulie tundu kwa kurunzi kabla ya kumwita fundi, na ayainue masanduku kwenye vigoda vya chuma vyenye miguu.

Shauri la pili ni umeme, na hapa historia ina kejeli yake. Mabwawa ya Kindaruma ya mwaka 1968, Kamburu ya 1974, Gitaru ya 1978, Masinga ya 1981 na Kiambere ya 1988 yaliufanya mto huu kuwasha taa za Nairobi muda mrefu kabla nyaya hazijafika kwa watu wanaokunywa maji yake karibu na bahari. Leo njia kuu ya umeme yatoka Rabai kupitia Malindi na Garsen hata Lamu. Lakini nje ya mji na barabara, nyumba nyingi za delta huishi kwa sola na betri ya volti 12, na mwenye nyumba kama hiyo huambiwa na kila mwuza duka kwamba spika zake kubwa ni za kizamani, zinakula umeme, na kwamba zile ndogo mpya ndizo za kisasa. Maneno haya mara nyingi ni kinyume cha ukweli, na yastahili kupingwa kwa hesabu.

Spika hupimwa kwa ukali wake, yaani desibeli inazotoa kwa wati 1 kwa umbali wa mita 1. Wufa kubwa ya koni nyepesi ya karatasi, ndani ya sanduku pana lenye tundu, yaweza kutoa desibeli 93. Spika ndogo ya siku hizi, iliyoshindiliwa itoe besi ndani ya kisanduku kidogo, pengine hutoa 84. Kila desibeli 3 ni kuzidisha wati mara mbili, kwa hiyo tofauti ya desibeli 9 ni kuzidisha mara nane: sauti ile ambayo spika kongwe huitoa kwa wati 2, ndogo huitaka wati 16. Na wati 2 ni kiasi ambacho amplifaya sahili, inayotumia betri ya volti 12 moja kwa moja, yaweza kukitoa kwa spika ya omu 8. Wati 16 kwa spika hiyo haiwezi, hata ikitengenezwa kwa ustadi, pasipo chombo cha kupandisha volti, ambacho nacho hula betri. Spika za babu, basi, aghalabu ndizo za kufaa zaidi kwa sola ya mjukuu.

Nasema aghalabu, kwa kuwa si zote. Mwaka 1954 Edgar Villchur wa kampuni ya Acoustic Research huko Marekani alileta sanduku dogo lililozibwa kabisa, ambalo hewa yake ya ndani ndiyo springi, likatoa besi nzito kuliko masanduku makubwa ya wakati wake. Lakini alilipa kwa ukali, na spika za ukoo huo zataka amplifaya yenye nguvu. Josef Anton Hofmann, aliyekuwa mmoja wa waasisi wa kampuni ya KLH, alilieleza jambo hili kwa kanuni inayoitwa hadi leo kanuni ya chuma ya Hofmann: udogo wa sanduku, uzito wa besi na ukali wa sauti, mtu atachukua viwili katika vitatu na cha tatu atakikosa. Mwuzaji anayekuahidi vyote vitatu ama hajui, ama anajua.

Jambo la umeme lina tanzu moja nyingine. Watu hudhani tuita huunguzwa na amplifaya kubwa. Kwa kweli huunguzwa mara nyingi na ndogo, pale arusini inapofunguliwa hadi mwisho na sauti ikaanza kupasuka, kwani mawimbi yaliyokatwa vichwa humimina nguvu nyingi za juu kwenye waya mwembamba wa tuita usioweza kuzibeba. Spika iliyokodishwa kwa arusi tatu hurudi na uzee wa miaka kumi.

Baada ya sanduku na umeme, linabaki sikio. Fundi mmoja kijana wa Garsen aliletewa spika na mzee aliyelalamika kwamba matari ya taarabu hayasikiki tena njuga zake. Akazipima, akakuta hazina kasoro.

"Babu," akasema, "naomba huyu mjukuu wako asikilize, kisha atuambie."

Mtoto akasema njuga zinalia vizuri.

"Kwa hiyo, mwanangu, waniambia ubovu ni wangu?"

"Hasha, babu. Nasema tu usinilipe."

Sikio la kijana husikia mitetemo hata 20,000 kwa sekunde, na umri huipunguza. Wengi waliopita miaka 60 hawasikii sana juu ya 12,000. Hilo si hoja ya kuuza spika. Ni hoja ya kupima kwanza, na vipimo vya nyumbani ni vyepesi: multimita juu ya vituo vya spika ya omu 8 huonyesha karibu 6, betri ndogo ya volti 1.5, ikiguswa kwa nukta moja, huisogeza koni ya wufa kwa mlio safi. Na vidole vilivyotandazwa kuizunguka koni, vikiisukuma polepole na kwa usawa, hutambua mkwaruzo wa koili. Kisha spika zibadilishwe mahali, ya kulia kushoto, na ubovu uliohama na spika ni wa spika, uliobaki palepale ni wa amplifaya au wa waya. Nusu ya spika zinazouzwa kwa kudhaniwa mbovu zingaliokolewa na kipimo hiki cha mwisho. Sina takwimu, nina macho.

Na cha kusikilizia kiwe nini? Mteja huleta muziki wenye kishindo, maana kishindo kinafurahisha. Lakini kishindo huficha. Nchi ya Tana ina haki ya kutoa jibu lake hapa, kwa sababu lahani ya wimbo wa taifa la Kenya, ulioandaliwa mwaka 1963 na Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, ilitoka katika wimbo wa kubembelezea watoto wa Wapokomo, uliofikishwa kwa jopo hilo na mzee Meza Galana. Mama abembelezaye hana tarumbeta wala ngoma; ana sauti tupu. Sauti tupu ya mtu, ambayo sehemu yake kubwa huwa kati ya mitetemo 300 na 3,000, hukaa palepale wufa anapomkabidhi tuita kazi, na ikiwa makabidhiano yale ni mabaya, hata asiyejua muziki atatambua, kwani tangu utotoni ameshinda akisikiliza watu wakisema. Chukua sauti ya mwimbaji unayemjua, au ya msomaji wa Kurani unayemzoea, sikiliza spika moja peke yake, kisha ya pili. Ikiwa mtu yumo chumbani, spika ni nzima.

Sasa nirudi kwenye kuboresha, nililosema liogopwe. Sikatai kwamba pana maboresho ya halali: waya mnene badala ya ule mwembamba uliooza, vituo vya shaba badala ya vilivyoota kutu, kapasita za filamu, mbao za kukaza sanduku kwa ndani zisizopunguza nafasi sana. Hayo hayageuzi tabia ya chombo. Ninalokataa ni kung'oa wufa ya zamani, ambayo aliyeiunda alipima sanduku kwa ajili yake na krosova kwa ajili yake, na kutia ya gari yenye koni nzito na sumaku kubwa ya kung'aa. Tangu Neville Thiele wa Australia alipoandika kanuni zake mwaka 1961, na mwenzake Richard Small kuzikamilisha katika miaka ya 1970, si siri tena kwamba wufa na sanduku huoana kwa hesabu, na kwamba wufa isiyo ya sanduku lile hutoa ama besi ya mngurumo mmoja usiojua noti, ama hakuna. Mteja hutazama sumaku, akaridhika. Hurudi baada ya mwezi akinunua ekolaiza. Hurudi tena akinunua sabufa. Kwa fedha hizo angalinunua spika mpya njema, na za marehemu zikabaki salama.

Kununua mpya si dhambi, na zipo hali ambazo mimi mwenyewe ningalishauri hivyo bila kusita. Sanduku limekunywa maji na seremala hakuna; koili zote mbili zimeungua na waya wake haupatikani; nyumba imehamishwa mara mbili kwa mafuriko na huenda ikahamishwa tena. Jamii ya Waorma inayofuata malisho ya delta wakati wa kiangazi na kutoka mvua zinapokuja haina haja na masanduku ya kilo 20. Spika ndogo ya bluetooth inayoning'inia begani ndiyo chombo chake, na ingalikuwa upuuzi kuwahubiria ubora wa karatasi na mbao. Ila ajuaye anunue akijua kwamba betri iliyozibwa ndani yake ina umri wake wa miaka michache, na kwamba chombo hicho aghalabu hakikuundwa kifunguliwe, hivyo kitakapokufa kitakufa chote.

Lipo la mwisho, ambalo huharibu spika njema nyingi na halina uhusiano na sponji wala maji. Mwenye nyumba akifariki, wana wawili hugawana vitu vyake kwa usawa, na kwa kuwa spika ni mbili, kila mmoja huchukua moja kwake, mmoja Tarasaa na mwenziwe Malindi. Stereo huvunjika siku hiyo. Mnunuzi wa Mombasa hutoa bei kwa jozi inayofanana, yenye namba za mfuatano nyuma, na kwa moja iliyo peke yake hutoa bei ya vipuri. Warithi wazihesabu zote mbili kuwa kitu kimoja, mbele ya kadhi au mbele ya wazee, zipewe thamani pamoja na santuri zake, mmoja azichukue, na wenziwe wafidiwe kwa ng'ombe au kwa fedha.